Gemu za Maiken Zisizofunguliwa

Preben Lauridsen hakuwa mtu wa kubahatisha, na alipenda watu wote walijue hilo. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa mthamini wa kampuni ya bima mjini Randers, Denmark. Nyumba ikiungua, au paa likibebwa na dhoruba, yeye ndiye aliyeingia na mabuti yake ya mpira, akatazama, akagusa, akasema kitu hiki jana kilikuwa na thamani gani na leo kimebaki na gani. Wenye nyumba walilia, yeye akaandika. Alipostaafu hakuacha kuthamini, ila alihamia kwenye kile alichokipenda tangu zamani, yaani gemu za video za miaka iliyopita. Kwenye maonyesho ya wakusanyaji, Odense au Herning, watu wazima wenye ndevu walipanga foleni mbele yake, vikasha mikononi, wamuulize: hii nikiiweka miaka kumi, itapanda bei? Naye aliigeuza, akainusa, akazitazama pembe zake, kisha akatoa hukumu. Mara nyingi alipatia. Alipokosea alikuwa na maelezo, na maelezo yake yalikuwa matamu kuliko hukumu yenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ile alipopakia kasha kubwa la plastiki kwenye gari na kuelekea Aarhus, kwa Torkild muuza gemu, hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikwenda kusikia kwa masikio yake kile ambacho tayari alikijua.

Ndani ya kasha mlikuwa na gemu kumi na nne, zote mpya, zote ndani ya nailoni ya kiwandani. Alikuwa amenunua moja kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya binti yake Maiken, tangu mtoto alipotimiza miaka mitano hadi kumi na minane. Kila mwaka mambo yalikwenda vilevile. Bendera ndogo mezani, vitumbua vya ngano vya moto na siagi, wimbo, kisha zawadi. Maiken alichana karatasi ya nje, akaishika gemu, akaitazama picha ya jalada, halafu baba mtu akaichukua taratibu na kuipeleka kwenye kabati kavu la chumba cha juu. "Hii ni ya utakapofika miaka thelathini," alikuwa akimwambia. "Utanishukuru." Mama yake, Birgit, alikuwa na zawadi yake ya pembeni, skafu au mdoli, ili mtoto asiondoke mezani mikono mitupu.

Thelathini yenyewe sasa ilibakiza wiki tatu, na haikuwa thelathini ya hivihivi. Maiken, ambaye ni fundi umeme na si mtu wa maneno mengi, alikuwa amepiga simu wakati wa baridi akasema yeye na mchumba wake Rune wameona nyumba ya matofali kijijini, yenye bustani na banda, na wameipenda. Preben hakumwacha amalize. Alimwambia asithubutu kwenda kupiga magoti benki kwa ajili ya malipo ya mwanzo, kabati litalipa. Maiken akasema, "Sawa, baba." Tangu siku hiyo Preben alitembea kifua mbele. Wenzake walikuwa wamewawekea watoto wao hisa na akiba za kawaida, na yeye alikuwa amemwekea wake hazina aliyoichagua kwa akili yake mwenyewe.

Duka la Torkild lilikuwa chini ya ngazi, nusu yake ardhini, na lilinuka vumbi la nyaya zilizopata moto. Torkild alikuwa hajafika arobaini. Kila alichokijua kuhusu bei alikipata kwa Preben, na mbele za watu hakuacha kumtania kwa kumwita "Profesa". Siku hiyo hakumtania. Alizitoa gemu moja moja, akazipanga mezani, akazitazama kwa heshima zote, kisha akaenda kuchemsha kahawa. Preben alishangaa. Torkild hakuwa na desturi ya kumpa mtu kahawa kabla ya kutaja bei.

Ili kumrahisishia kazi, Preben aliivuta mbele ile aliyoiona kuwa mfalme wa kabati lote, zawadi ya mwaka ambao Maiken alitimiza tisa. Iliitwa Falme za Chuma. Ilikuja katika sanduku la bati lenye maandishi ya dhahabu, na ndani yake mlikuwa na sanamu ya askari mwenye upanga, ramani ya kitambaa na namba ya usajili. Mwaka ule ilikuwa ghali kiasi kwamba Birgit hakusema naye siku mbili.

Torkild alimwambia, "Njoo huku nyuma kidogo."

Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu hadi darini, na rafu ya katikati ilijaa masanduku ya bati yenye maandishi ya dhahabu. Yote yalikuwa ndani ya nailoni yake, safi, yamesimama bega kwa bega.

"Nimeacha kuzinunua tangu mwaka juzi," Torkild alisema. "Wananiletea, nawarudisha. Ile ilitoka ikiwa imeandikwa kabisa juu yake kwamba ni ya kuhifadhi, na watu wakahifadhi. Kila baba wa huku kwetu Jutland mwenye kabati kavu aliiweka. Watoto wao sasa wana miaka thelathini, na wote wanakuja kwangu mwaka mmoja."

Preben alisema zake ni safi.

"Zote ni safi, Preben. Hapo ndipo penye shida. Hakuna aliyeigusa. Na mtu ambaye hakuigusa utotoni, ukubwani ataitafutia nini?" Torkild alijikuna shingo. Ilionekana kila neno linamtoka kwa taabu. "Wewe ndiye uliyenifundisha haya. Ulisimama kule Herning ukasema mtu mwenye mshahara hununua kitu alichokililia akiwa na miaka tisa. Nikakuamini, nikafungua duka."

Ni kweli Preben alilisema neno hilo. Alikuwa akilisema kila mwaka, na kila mwaka alipigiwa makofi. Aliwaambia watu wasitazame sanduku, wamtazame mtoto. Kisha alirudi nyumbani, kwenye nyumba yenye mtoto, akatazama sanduku.

Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, sasa watu wanataka nini. Torkild alifungua kabati la vioo na kutoa kijikasha chembamba chenye picha ya farasi wa kahawia na msichana mwenye kofia ya kupandia. Zizi la Rosenlund. Jalada lilikuwa limepauka, diski imejaa mikwaruzo, na mtoto fulani alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino juu ya shingo ya farasi. Torkild alieleza kwamba iliuzwa kwenye maduka ya vyakula, karibu na friji za maziwa, na wahusika wake walizungumza Kidenmaki, kwa hiyo haikuvuka mpaka. Wasichana waliicheza mpaka ikachakaa, mama zao wakaitupa walipohama. Sasa wasichana wale ni wanawake wenye kazi zao. Wiki iliyopita daktari mmoja wa meno kutoka Viborg aliishika mkononi akaketi kwenye ngazi za duka na kulia, kisha akalipa bila kuomba apunguziwe.

"Na ambayo haijafunguliwa?"

"Sijawahi kuiona. Nani angefikiria kuiweka ile? Akija mtu nayo nitampa duka, mimi nibaki na ngazi."

Preben aliijua gemu ile. Aliwahi kuipokonya kutoka mikononi mwa mtoto. Maiken alikuwa ameikumbatia duka zima, kutoka kwenye mboga hadi kwa mwenye mashine ya fedha, na pale mbele ya foleni baba yake akaichukua akamwonyesha, kwa utaratibu wa kazi yake, jinsi plastiki ilivyo hafifu na chapa ilivyo ya bei rahisi, na kwamba baada ya miaka kumi hata ukiigawa bure hutapata wa kuipokea. Mwanamke aliyekuwa nyuma yao alitazama pembeni. Maiken hakulia. Aliirudisha mwenyewe kwenye rafu na kuiweka sawa na nyingine. Wiki iliyofuata akapewa Falme za Chuma aitazame, ikapelekwa juu.

Torkild alitaja bei ya kasha zima. Alikuwa ameongeza kidogo kwa ajili ya urafiki, hilo lilionekana, na hata hivyo haikufika nusu ya fedha ambazo Preben alizitoa miaka ile. Preben alizirudisha gemu ndani ya kasha kwa mpangilio uleule wa miaka, akashukuru kwa kahawa ambayo hakuinywa, akapanda ngazi.

Njiani hakusikia redio inasema nini. Alikuwa anawaona Maiken na Rune wakisimama mbele ya nyumba ya watu wengine, nyumba iliyokuwa iwe yao. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kitu kingine. Katika dunia nzima, hivyo ndivyo alivyoamini, Maiken ndiye mtu pekee aliyekuwa anamwamini bila kumuuliza swali. Birgit aliuliza maswali, wakubwa wake kazini waliuliza, wale wenye ndevu wa Herning waliuliza. Maiken alisema sawa, baba. Na sasa ilimpasa kwenda kumwambia mtu huyo kwamba baba yake amemdanganya miaka ishirini na mitano, kwa kujiamini tu.

Basi akafanya kile ambacho watu wengi wenye akili hufanya wakishikwa na aibu, yaani akafanya ujinga. Walikuwa na karavani, nyumba ndogo ya magurudumu waliyoivuta kila Julai kwenda kambini pwani ya magharibi. Alipiga hesabu, akaona bei yake inakaribiana na malipo ya mwanzo ya nyumba. Angeiuza kimyakimya, aziweke fedha kwenye bahasha, ampe Maiken siku ya sherehe na kusema ndizo zilizotoka kabatini. Alimpigia simu Torkild amwombe, mtu akiuliza, aseme gemu amezinunua yeye. Torkild alikohoa, akasema yeye ni mchuuzi tu na si padri, atanyamaza, ila uongo wenyewe asimbebeshe. Preben alijiambia anafanya yote kwa ajili ya mtoto. Tuseme ukweli, nusu ilikuwa kwa ajili ya mtoto. Nusu nyingine ilikuwa kwa ajili ya Profesa.

Alitangaza karavani mtandaoni bila kutaja jina. Akapanga mnunuzi, bwana mmoja wa Skive, aje Alhamisi, siku ambayo Birgit huenda kuogelea na wenzake. Bwana wa Skive alikuwa na haraka, akaja Jumatano. Preben alikuwa amekwenda kutupa matawi kwenye kituo cha taka. Aliporudi alimkuta mkewe ameketi kwenye mlango wa karavani, miguu nje, kikombe mkononi. Birgit alikuwa mkunga maisha yake yote. Amewaona wanaume wengi wakiogopa, na hakuna aliyewahi kumbabaisha.

"Mgeni wako wa Skive anakusalimu," alisema. "Nimempa kahawa na keki. Anasema bei yako ni nzuri sana. Nikamwambia ni nzuri kwa sababu mwenye nusu hajaulizwa."

Preben alijaribu kuanza na soko, jinsi soko lilivyobadilika. Birgit alimtazama tu mpaka soko likamwishia mdomoni. Ndipo akamweleza yote: rafu ya nyuma kwa Torkild, ile gemu ya farasi, bahasha aliyoikusudia.

"Kwa hiyo ungeuza Julai yangu ili wewe uonekane ulipatia."

"Ni kwa ajili ya nyumba ya Maiken."

"Nyumba ya Maiken," Birgit alirudia polepole, akakitazama kikombe chake. Alikuwa na neno jingine, akalimeza. "Mwambie, Preben. Mwambie yeye, usinieleze mimi. Na usimhutubie kama unavyowahutubia wale mabwana wa Herning. Mwambie kama mtu."

Aliuliza kama haingekuwa vizuri asubiri sherehe ipite, asimharibie siku yake. Birgit alisema hilo aamue mwenyewe, lakini kasha litapanda gari siku hiyo pamoja na keki, na yeye hatalibeba.

Siku kumi zilizobaki Preben hakuwa mtu wa kuishi naye. Alikata nyasi zilizokwisha kukatwa. Chakula kilimkinaisha. Aliandaa kichwani namna ishirini za kumwambia, na zote zilikuwa na utangulizi mrefu. Kila asubuhi alijiambia labda leo apige simu amalize. Simu aliishika, akairudisha mezani.

Sherehe ilikuwa uani kwenye ghorofa walilopanga Maiken na Rune, Jumamosi adhuhuri, jua kali na upepo. Mafundi wenzake wa Maiken walikuwa wamekuja alfajiri wakalundika mapipa ya mafuta moja juu ya jingine mpaka yakapita dirisha la ghorofa ya kwanza, wakayapaka rangi yakawa chupa kubwa ya pilipili manga yenye jina lake. Kwa desturi ya Denmark, mtu akifika thelathini hajaolewa wala kuoa humwagiwa pilipili, na hakuna wa kumwonea huruma, mafundi umeme ndio kabisa. Walimfunga Maiken kwenye mlingoti wa bendera kwa waya wa kazini, koti la mvua mwilini, miwani ya kazi usoni, wakammwagia maji, kisha pilipili. Upepo ukaipeleka kwa kila mtu. Wageni wote walipiga chafya mpaka wakashikana mabega.

"Rune, muoe bwana, tunaumia sisi!" mmoja alipaza sauti.

"Nimemwomba mara mbili," Rune alijibu. "Anasema anasubiri aone kama nitapanda bei."

Ua zima lilicheka. Preben alicheka kwa meno tu, akatazama upande wa gari lake. Birgit, aliyekuwa amesimama karibu akijipangusa macho, alimgusa kiwiko mara moja, akaenda zake kupanga vikombe.

Walipomfungua, Maiken alishuka kwenye chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo, ajioshe. Preben alisubiri kidogo, akaenda garini, akalichukua kasha, akamfuata. Maiken alikuwa ameinama kwenye sinki, nywele zimejaa chenga nyeusi, na uso wake ulikuwa mwekundu wote isipokuwa mahali palipokuwa na miwani. Baba yake aliliweka kasha juu ya mashine ya kufulia, na tangulizi zote ishirini zikamtoka kichwani.

"Hazina thamani, Maiken," alisema. "Nilikosea. Zote kumi na nne. Torkild hazitaki, na hakuna mwingine atakayezitaka. Fedha ya nyumba niliyokuahidi haipo."

Maiken alifunga bomba. Maji yalimchuruzika kidevuni.

"Najua, baba."

"Torkild amekuambia?"

"Hajaniambia mtu. Nilizitafuta bei mwenyewe nikiwa na miaka kumi na sita. Nikazitafuta tena nikiwa na ishirini. Baada ya hapo sikutafuta tena."

Preben alishika ukingo wa mashine. Aliuliza kuhusu nyumba.

"Nyumba tuliilipia mwezi wa tatu. Nilianza kuweka akiba tangu mshahara wa kwanza. Mama anajua, nilimwomba asikuambie."

"Ulisema sawa. Nilipokuambia kabati litalipa, ulisema sawa."

"Ulifurahi mno kwenye simu," Maiken alisema. "Ningesemaje?"

Mtu mwingine angeshusha pumzi. Nyumba ipo, mtoto hajapoteza kitu, karavani imesimama pale pale nje ya nyumba. Preben hakuona nafuu yoyote. Wiki tatu nzima aliogopa kuivunja imani ya binti yake, na kumbe hapakuwa na cha kuvunja. Imani ile Maiken aliiondoa mwenyewe akiwa msichana wa miaka kumi na sita, bila kelele, na miaka yote iliyofuata alikuwa akimstahi tu, kama unavyomstahi mgonjwa. Preben aliona aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na huzuni, kwa sababu alitambua binti yake hakumbakizia hata hasira.

Akasema kitu cha kwanza kilichomjia. Alisema laiti angemnunulia ile ya farasi, Zizi la Rosenlund, siku ile dukani.

Maiken alicheka kidogo. "Ile? Nililia wiki moja, nikaenda kuicheza kwa rafiki yangu Katja mpaka ikanichosha. Hata si nzuri sana, farasi anakwama kwenye uzio. Haikuwa gemu, baba."

"Ilikuwa nini basi?"

Maiken alichukua taulo kwenye kamba, akalikunja, akalikunjua. Ilikuwa wazi kwamba hakushuka chini akikusudia kusema hili.

"Unakumbuka Jumapili? Ulikuwa unapanda juu kuzikagua. Unazitoa zote, unazipangusa, unapima hewa ya kabati. Saa nzima. Nilikuwa nakuja kusimama mlangoni. Ukaniambia nisiingie, pumzi ya mtu ina unyevu, itayaharibu makasha. Nikakuuliza, nikibana pumzi je? Ukasema nikibana, sawa, naweza kuja."

Huko juu uani walikuwa wameanza kuimba, wimbo wa siku ya kuzaliwa, na mtu alikuwa akipiga pipa.

"Kwa hiyo nilikuwa nabana," Maiken alisema. "Ikiniishia natoka kwenye korido, napumua, narudi. Mara nyingine ulinionyesha moja, ukanieleza kwa nini ni nzuri. Nilikuwa naogopa kukujibu, maana nikijibu nitatoa pumzi. Lakini ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kukaa na wewe, sikutaka kuikosa. Nilikuwa hodari, najua mpaka leo. Rune ananiambia nikiwa na wasiwasi sipumui."

Alisema yote bila kumlaumu, akiwa na tabasamu dogo, macho mekundu. Preben alizikumbuka Jumapili zile vizuri. Alikuwa akizisimulia kazini kila Jumatatu. Aliwaambia wenzake watoto wao wanakimbiakimbia na kuvunja vitu, ila yeye ana binti mtulivu ajabu, anaweza kusimama kando yake saa nzima asitoe sauti, na bila shaka ameurithi uangalifu wa baba yake. Wenzake walimwonea wivu, naye alifurahi kuonewa.

Alitaka kusema samahani. Machozi yalimjaa, yakafika mashavuni, na mzee yule aliyesimama katikati ya nyumba za watu zilizoungua bila kupepesa macho akashindwa kuyazuia. Maiken alimsogelea akampa taulo.

"Ni pilipili, baba," alimwambia kwa upole, kwa sauti ileile ya kwenye simu. "Imemwingia kila mtu leo."

Preben alilishika taulo, hakujipangusa.

"Si pilipili," alisema.